Zamu ya Kitinda

Asubuhi Chiriku aliitoa ile tokeni kwenye kioo cha mashine akaitumbukiza ndani ya kopo la vifungo. Mchana alipopita sebuleni na ndoo ya maji, ilikuwa imerudi.

Wala haikuwa imelala tu, kama kitu kilichodondoka. Ilisimama wima, imeegemea kioo, kwenye ule ukingo mwembamba chini ya skrini, upande wa kulia, palepale ilipokuwa siku zote. Akaenda kulitikisa kopo. Vifungo, pini, kizibo cha chupa ya manukato. Tokeni hakuna.

"Mama, umeirudisha?"

"Nimerudisha nini?" Mama yake alikuwa uani, anaanua nguo.

"Basi, hakuna kitu."

Hilo "hakuna kitu" lilikuwa limeshageuka ugonjwa wa nyumba ile. Tangu Baba azikwe, ukimuuliza mtu analia nini, hakuna kitu. Mbona huli, hakuna kitu. Na Chiriku, aliyepewa jina hilo tangu utotoni kwa sababu mdomo wake haukuwahi kupata likizo, naye alikuwa ameshaambukizwa.

Alikuwa anafuta kioo ili apige picha. Kaka yake, muuza makava ya simu aliyejipachika jina la Bosi na watu wakamwachia kwa kumhurumia, alitaka picha safi za kutuma kwa mnunuzi. Mashine yenyewe ilijaza ukuta mzima: mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchezwa kwa kusimama, ndefu kama kabati la nguo, yenye mipini miwili ya kushika na vitufe vilivyochakaa kwa vidole vya watu. Ukuta wa pili, ukitazamana nayo, ulikuwa na digrii ya Chiriku ndani ya fremu ya kioo. Baba ndiye aliyeitundika. Vitu viwili vya gharama, alizoea kusema Chiriku, na vyote viwili havina kazi.

Zamani Baba alikuwa na ukumbi wa gemu. Hiyo ilikuwa kabla kila mtoto hajaanza kutembea na ukumbi mzima mfukoni. Ukumbi ulipokufa aliziuza mashine moja moja kama vyuma chakavu, isipokuwa hii, ambayo ilibidi fremu ya mlango ing'olewe ndipo iingie sebuleni. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu: wazima moto wawili, mmoja mwekundu na mmoja wa njano, wanapanda ngazi za jengo linaloungua. Picha ya zile ngazi ilikuwa imewaka kwenye kioo kwa muda mrefu mno hadi ikakiunguza. Hata ukichomoa umeme, ngazi zilibaki, hafifu, kama kovu.

Na kulikuwa na sheria. Ukitaka kucheza na wenzako bado wanacheza, unaisimamisha tokeni yako kwenye ukingo wa kioo. Hiyo ndiyo zamu yako. Unaweza kwenda msalani, unaweza kwenda kununua maji, hakuna wa kuigusa. Akija mtu anajifanya haoni, anaambiwa, "Kuna mtu hapo," na anarudi nyuma. Wanaume wenye ndevu walisimama nyuma ya vitoto kwa sababu ya kile kisahani cha shaba chenye tundu katikati. Aliyehamisha tokeni ya mwenzake, Baba alimtoa nje kwa ukosi wa shati.

Tokeni iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ya Kitinda, mdogo wao wa mwisho.

Aliiweka mwenyewe, alasiri moja, huku anakohoa. Mama alikwenda ukumbini akamgusa shingo, akakuta moto. "Twende ukalale." Kitinda akagoma, akashika mguu wa mashine kwa mikono miwili. "Zamu yangu?" Mama akamwambia zamu yako ipo, haiendi popote, utacheza kesho. Kesho yake alikuwa hospitalini na kesho kutwa hakuwa popote. Baba hakuitoa ile tokeni. Mashine ilipohamishiwa nyumbani, aliifumbata mkononi njia nzima, akairudisha kwenye kioo hata kabla hajatafuta soketi. Kila alasiri aliiwasha, akaketi mbele yake kidogo, akaizima. Hakuna aliyecheza tena upande wa njano.

Sasa Baba hayupo, na watu watatu walikuwa na mawazo matatu.

"Tunaitoa matumbo," alisema Bosi. "Ile bodi ya zamani nje, ile skrini nje. Tunaweka kompyuta ndogo yenye gemu elfu moja, naipeleka baa. Mtaji huo."

"Huyo mnunuzi anaitaka nzima, na matumbo yake," alisema Chiriku.

"Basi tumuuzie. Lakini wewe hutaki kuuza, hutaki kubadilisha. Unataka nini, Chiriku? Ukae nayo mtazamane?"

"Baba aliichomelea kwa mkono wake kila waya. Ndiyo, nikae nayo. Nina ratiba gani nyingine?"

Wakamgeukia Mama.

"Amueni nyinyi," alisema. "Mimi nimechoka." Lakini alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba, kilekile, mbele ya kioo kilichozimwa, na mikono yake aliyoilaza mapajani ilikuwa imekonda hadi pete inazunguka yenyewe.

*

Mnunuzi alikuja amevaa glavu nyeupe za kitambaa. Aliizunguka mashine kama mtu anayenunua ng'ombe, akainama, akanusa, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole.

"Msiguse chochote," alisema. "Ukibadilisha waya mmoja tu, kwangu imekufa. Watu wanazichinja hizi, mnajua? Wanazijaza takataka. Hii ni bikira." Akanyoosha mkono kwenye ukingo wa kioo. "Na hii ni tokeni yake halisi? Aisee."

Kofi la Mama lilimfikia kabla hajaigusa. Halikuwa kofi kubwa, lilikuwa lile la kumpiga mtoto mkono asiguse sufuria, lakini kwa mama ambaye hata mbu alikuwa amechoka kumfukuza, wote walishtuka.

"Kuna mtu hapo," alisema.

Mnunuzi akatazama huku na huku, akacheka kwa adabu, akaivuta glavu yake. Waliongea kidogo kuhusu lori na siku ya kuja. Mlangoni, akiwa anavaa viatu, alimwegemea Chiriku na kupunguza sauti, kama mtu muungwana asiyetaka kuingilia ya watu.

"Dada, na huyo mtoto mumpeleke hospitali. Kile kifua si kizuri."

"Mtoto gani?"

"Huyo aliyekuwa anakohoa nyuma ya mashine. Mmempaka dawa ya kuchua, sawa, nimeisikia harufu, lakini dawa ya kuchua haitoshi."

Chiriku, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, alifunga mlango bila kuaga. Sebuleni Mama alikuwa bado amekaa kitini. Harufu ilikuwepo kweli. Ilikuwa ile dawa ya kopo dogo la bati, ya kupaka kifuani usiku wa baridi, na chini yake harufu ya vumbi linalopata moto. Hapakuwa na kopo hilo ndani ya nyumba tangu mazishi ya Kitinda. Na mashine haikuwa imechomekwa.

*

Alimweleza Bosi, na Bosi akafanya anachofanya mwanaume akiogopa: alikwenda kutafuta bisibisi.

"Leo leo," alisema. "Mnunuzi akitaka kasha tupu atakuja kulibeba. Mimi naitoa hiyo bodi. Kama kuna jini, basi tuone atakaaje kwenye kompyuta mpya. Hana hata paswedi."

Chiriku alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi na alilijutia cheko lile kabla halijaisha.

Ilikuwa mchana kweupe, redio ya jirani inaimba, jua limepiga sakafuni hadi katikati ya chumba. Waliisogeza mashine kutoka ukutani, Bosi akafungua skrubu za mgongoni moja baada ya nyingine na kuzibana mdomoni, na ubao wa nyuma ulipotoka vumbi lilimwagika kama unga. Lilikuwa vumbi la miaka, nene, limekaa juu ya kila waya na kila kipande cha chuma kama blanketi. Isipokuwa chini kabisa, kwenye sakafu ya kasha, kwenye ile nafasi ndogo kati ya transfoma na ukuta wa mbele. Pale palikuwa safi. Palikuwa pamesuguliwa hadi mbao zinang'aa, na usafi ule ulikuwa na umbo lake, makalio madogo na nyayo mbili, na juu yake kwenye ubao alama ya mviringo iliyolainishwa na kitu kama kichwa, kana kwamba mtu alikaa humo amekumbatia magoti yake siku nyingi sana akisikiliza wanayoyasema.

"Panya," alisema Bosi.

"Panya ana nyayo za kuvaa viatu?"

"Nimesema panya, Chiriku." Sauti yake ilikuwa imekauka. Akaingiza mkono, akaishika ile soketi bapa inayoshikilia bodi, akaivuta.

Jikoni, mfuniko wa sufuria ulianguka ukazunguka, ukazunguka, ukatulia.

Walimkuta Mama sakafuni, mgongo kwenye kabati, mdomo wazi, macho yametoka, na kifua chake hakipandi wala hakishuki, hakuna sauti, hakuna hata ile ya kukwama, midomo inaanza kubadilika rangi huku mkono wake mmoja ukielekeza sebuleni, na Chiriku alipomshika alihisi mwili ule hauna hewa kabisa ndani yake, kama mfuko uliokung'utwa, na akapiga kelele hadi jirani akazima redio.

"Rudisha! Kaka, rudisha, rudisha!"

Bosi alikimbia. Chiriku alisikia soketi ikiingia, *tik*, na Mama akavuta pumzi moja ndefu, ya mluzi, halafu akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mtu mzima.

*

Mganga alipatikana kupitia mteja wa Bosi. Chiriku alitarajia shuka na mkufu wa mifupa. Alikuja mwanamke wa makamo mwenye begi la kompyuta mgongoni na simu mbili, moja ikiita, akaizima akisema, "Hawa nao wana lao la vyombo vinavyovunjika." Alivua miwani, akafukiza ubani kidogo kwenye kijiko, akausogeza karibu na mashine. Moshi ulipanda vizuri, wima. Ulipofika usawa wa kioo ulikatika, ukapita pembeni ya kitu, ukaungana tena juu.

Kisha akauliza habari za ile tokeni, na Chiriku akamweleza yote.

"Si ndugu yenu," alisema mganga. "Niwaambie mapema msije mkaanza kulia. Aliyekufa hasimami foleni. Amekwenda. Lakini nyinyi mmeshika nafasi. Miaka yote mnaambiana kuna mtu hapo, kuna mtu hapo. Nafasi iliyoshikwa hivyo, kwa uchungu hivyo, haikai tupu. Imepita kitu njiani, kimeona kuna kiti na hakuna mwenyewe, kimekaa. Kimevaa na kikohozi."

"Kitoe basi," alisema Bosi.

"Nikitoe kwa kosa gani? Hakijaiba. Kina zamu, na aliyetoa ahadi ni binadamu. Mkiuza mashine kitabaki na ahadi. Mkiitoa matumbo, mmeona, kimeshamshika aliyeahidi." Akamwelekezea kidevu Mama, aliyekuwa chumbani amelala, mlango umerudishwa. "Kipewe zamu yake, kicheze, iishe. Mama yenu mwenyewe aitie tokeni. Mchezo ukiisha, anakiambia muda umekwisha, na hapo hakina cha kudai. Ila asiahidi tena. Hata kwa utani, hata kwa huruma. Neno moja tu, na mimi msinipigie."

Chiriku ndiye aliyebeba ujumbe huo chumbani. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alianza taratibu, Mama, kile si Kitinda, na Mama akamkatiza bila kufumbua macho.

"Unadhani sijui?"

Chiriku akamgeukia.

"Mimi nimemzaa yule. Kitinda tangu lini akasubiri? Kitinda ukimwambia ngoja chai ipoe, analia. Kitinda angeshapiga teke huo mlango, angeshaniita mara mia, angeshasema simpendi. Hiki kinasubiri tu. Kina adabu sana. Mwanangu hakuwa na adabu hiyo."

"Sasa mbona..."

"Kinakohoa kama yeye."

Alisema hivyo tu. Chiriku aliangalia mkono wa mama yake juu ya shuka, ile pete iliyolegea, na hasira yake ambayo kwa miaka aliipeleka kwa maofisi yasiyojibu barua, kwa watu wa intavyuu wanaotabasamu na meno yote, kwa kaka, kwa serikali, ilikosa njia ikatoka pale.

"Na mimi je? Mimi nakohoa vipi ili unisikie? Nimerudi hapa na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki, Mama, hakuna mtu duniani anayenisubiri mahali popote. Kitu kisicho na jina kimepata mtu wa kukaa nacho kila alasiri. Mimi wako wa kweli, niko hai, nalala chumba cha pili. Unakufa huku unakitazama. Ukifa, mimi nibaki na nani? Na Bosi?"

Kutoka sebuleni Bosi alisema, "Nasikia."

Mama alifumbua macho. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu, akampapasa shavu.

"Nisaidie kuinuka," alisema.

*

Mvua ilianza alasiri walipokuwa tayari. Bosi alisimama karibu na soketi ya ukutani. Mganga alisimama mlangoni na kijiko chake cha ubani. Mama alishikwa mkono hadi mbele ya mashine, akaichukua tokeni kutoka kioo, na hakuna kilichompiga mkono. Aliitazama. Akaitia kwenye tundu.

Mashine ilizinduka kwa ule wimbo wake wa mlio wa bati ambao Chiriku hakuwa ameusikia tangu Baba afe. Wazima moto wawili wakatokea chini ya ngazi.

"Nabonyeza wapi?" aliuliza Mama.

"Hicho chekundu, Mama. Hapana, hicho ni cha kuruka. Hicho."

Mwekundu wake alitembea hatua mbili akaingia motoni mwenyewe. Akafufuka, akaingia tena. "Mbona haendi juu?" "Sukuma mpini juu, Mama!" "Si nasukuma?" Bosi aliguna kwa kicheko kilichojaa machozi, kwa sababu hivyo ndivyo Kitinda alivyocheza, kila siku, akifia ngazi ya kwanza na kuulaumu mpini. Mwekundu aliteketea mara ya mwisho, akatoweka.

Akabaki wa njano. Alikuwa hajasogea.

Halafu mpini wa kulia ukainama wenyewe, polepole, kama mtu anayenyoosha kidole kilicholala ganzi, na yule wa njano akaanza kupanda. Alipanda bila kukosea. Aliruka moto kabla moto haujatokea, alipita mihimili inayoanguka kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani, ngazi ya kwanza, ya pili, ile ambayo wateja wote wa Baba walifia, na akaipita, na vitufe vikawa vinadidimia kimoja kimoja chini ya vidole ambavyo havikuwepo, na harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba hadi macho yanawasha, na nje radi ikapiga na umeme ukakatika, feni ikasimama, taa ya jikoni, taa za nyumba zote za mtaa, redio ya jirani katikati ya neno, na Bosi akachomoa waya wa mashine akausimamisha mkononi ili wote wauone, na skrini haikuzimika, iliendelea kumwaga ule mwanga wa njano juu ya nyuso zao huku mzima moto akipanda, akipanda ngazi ambazo Baba hakuwahi kuzifikia, ngazi ambazo labda hakuna fundi aliyezichora, kwenda juu ambako hakuna moto tena wala jengo, weusi tu na ngazi.

"Hakishuki," alinong'ona mganga. "Hakitaki kuisha. Mama, mwambie. Wewe uliyekipa."

Mama aliweka kiganja juu ya kioo.

"Mwanangu," alisema. "Imetosha. Muda umekwisha. Twende ukalale."

Yule wa njano alisimama. Alikuwa katikati ya ngazi, mguu mmoja juu. Kisha akageuka, kitu ambacho kidoli kile hakikutengenezwa kukifanya, akawatazama kwa sura iliyokuwa vidoa vinne tu vya rangi. Vitufe vilitulia. Ndani ya kasha, chini, mahali pale pasafi, kitu kilikohoa mara mbili. Na sauti ikaja, ndogo, yenye mafua, yenye kukata tamaa iliyojifunza kuwa na adabu.

"Zamu yangu?"

"Usimjibu," alisema mganga. "Mama, usijibu hilo."

"Mama," alisema Chiriku.

"Mama!" alisema Bosi.

Lakini lile swali Mama alikuwa amelibeba miaka yote, akilisikia akifua, akilisikia akisali, na hapakuwa na mwanamke aliyezaa ambaye angeweza kulisikia mara ya pili akaliacha hewani hivyo hivyo. Alilaza paji la uso kwenye kioo.

"Ipo, mwanangu," alisema. "Utacheza kesho."

Skrini ilikufa. Mganga alikuwa ameshafunga begi lake. Hakuchukua hata nauli.

Bosi alipofungua kisanduku cha tokeni, kilikuwa kitupu.

*

Mnunuzi aliibeba mashine mwishoni mwa wiki hiyo, na wala hakupata tabu yoyote. Alituma picha mara kwa mara: imekaa kwenye chumba chake chenye zulia, inawaka, watu wanacheza pande zote mbili. Ilikuwa mbao na waya tu. Hata Chiriku hakuilaumu. Fremu ya mlango ilirudishwa, na sebuleni pakabaki pande la sakafu lisilopauka, la mraba, mahali ilipokuwa imesimama.

Mama alihamishia kiti dirishani. Kila alasiri alikaa hapo, na kwenye ukingo wa kioo cha dirisha, upande wa kulia, tokeni ilisimama wima. Chiriku aliitupa mara ya kwanza. Mara ya pili aliitupa mbali zaidi. Baadaye alijifunza kufuta vumbi akiizunguka. Kuna saa alisikia mama yake akisema neno moja, kwa upole, kama anajibu, na hakuuliza amejibu nini. Mama hakuwa tena na ule uso wa kukwama pumzi. Alikuwa anayeyuka tu, akiwa ametulia, na baridi ilipokuwa inaisha alifia kitini, alasiri, na viganja vyake walipomwosha vilinukia dawa ya kuchua.

Baada ya matanga simu iliita. Chiriku aliipokea akijua ni wale wa kuuza bima. Hawakuwa wao. Barua yake, moja kati ya zile alizozituma akicheka, ilikuwa imefika mezani kwa mtu anayesoma. Kazi ilikuwa mji mwingine, mbali. Walitaka aanze mara moja.

"Nenda," alisema Bosi, na akamkumbatia vibaya, kama anayebeba friji. "Nyumba nitapata wapangaji. Nenda, Chiriku. Kaongee huko, umetuchosha."

Siku ya kuondoka alifunga madirisha mwenyewe. Nyumba ilikuwa tupu na jua la alasiri limefika katikati ya sebule, kwenye ule mraba. Begi lilikuwa begani. Alikumbuka digrii, akageuka aitoe ukutani.

Tokeni ilikuwa imesimama juu ya ukingo wa chini wa fremu, upande wa kulia, imeegemea kioo, juu kidogo ya jina lake.

Alisimama. Harufu ilikuja kwanza, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Halafu kikohozi, mara mbili, kutoka kwenye ule mraba wa sakafu ambako hapakuwa na kitu cha kukaa nyuma yake. Alijua si mdogo wake. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyebaki hai. Mlango ulikuwa hatua chache nyuma yake, gari lilikuwa linamngoja barabarani, na dereva alipiga honi.

"Zamu yangu?"

Ilikuwa sauti ya Kitinda. Hapakuwa na mtu mwingine popote ambaye angemuuliza kitu kwa sauti hiyo, na akitoka pale hapatakuwa tena.

Honi ikapigwa mara ya pili. Chiriku alishusha begi sakafuni, polepole, asije akakishtua.

"Kesho," alisema. "Kesho, mdogo wangu."